Kidole cha Lamont Tolliver

Mji wa Tamarack, kaskazini mwa Indiana, una misimu miwili ya mpira wa kikapu. Wa kwanza huchezwa uwanjani wakati wa theluji. Wa pili huchezwa mezani katika mgahawa wa Marge, mwezi wa Aprili, kwa midomo mitupu, nao ndio wenye ugomvi zaidi. Siku hizi wachezaji wa vyuo huhama watakavyo kila masika, na mashabiki huwasajili na kuwaacha kabla kahawa haijapoa, ingawa hakuna kocha aliyewahi kuwauliza kitu.

Mwaka ule hali ya timu yao, Korongo wa Chuo cha Tamarack, ilikuwa mbaya. Waliokuwa tegemeo walihitimu, wengine wawili wakahamia kwingine, na waliobaki walikuwa sawa na korongo aliyenyonyoka manyoya katikati ya mvua. Verna Hostetler aliumia moyoni kama vile kuku wake mwenyewe wameibwa. Verna alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye nyumba ndogo ya wageni karibu na kanisa la Mennonite. Kiti chake uwanjani alikirithi kwa mama yake, na hakuwahi kumwachia mtu, hata alipokuwa na homa.

Ijumaa moja jioni alimpokea mgeni kutoka Toledo, muuguzi mwenye macho ya kupima watu, aliyeendesha gari peke yake kutwa nzima katika mvua. Verna alimpakulia kuku wa tambi juu ya viazi vya kuponda. Mgeni alikula taratibu, akasifu chakula, kisha akauliza kama Verna ni mshabiki wa Korongo. Verna alicheka, akamwonyesha bendera iliyotundikwa juu ya jokofu.

"Basi nisikufiche," mgeni alisema. "Mimi ni Rosetta Tolliver. Lamont ni mwanangu."

Verna aliweka kijiko chini. Hapakuwa na mtu Tamarack asiyelijua jina lile. Desemba iliyopita Lamont Tolliver alikuja hapo na timu ya Chuo cha Brandt, mahasimu wao wa jadi, akafunga kikapu cha mwisho mpira ukiwa unakaribia kwisha. Hilo wangelisamehe. Lakini baada ya kufunga aligeukia jukwaa, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha, mbele ya wazee wao na watoto wao. Tangu siku hiyo jina lake lilitajwa Tamarack kama watu wanavyotaja kodi au mafuriko.

Sasa Lamont alikuwa anatafuta chuo kingine, na kesho yake adhuhuri makocha wa Korongo walikuwa wamwonyeshe chuo. Walimwekea mama yake chumba katika hoteli nzuri kando ya barabara kuu, naye akakataa. Alimweleza Verna kwamba hotelini kila mtu angemchekea. Vizuri angeonyeshwa vyote. Alichotaka kuona ni vile ambavyo hawangemwonyesha.

Kisha akasimulia yaliyomkuta mwanawe mwezi Machi. Katika mashindano makubwa Brandt walikuwa nyuma kwa pointi moja, Lamont akapewa mitupo huru miwili, akakosa yote. Mashabiki wa timu yake mwenyewe walimtukana pale pale, na wakaendelea kwa majuma. Walimwandikia simuni maneno ambayo mama yake hakutaka kuyarudia mezani. Mtu mmoja alimfuata mpaka dukani ili amtukane ana kwa ana.

"Nataka kujua kitu kimoja," Rosetta alisema. "Siku atakayokosa, ninyi watu wa hapa mtamfanya nini?"

Verna alitamani sana kumjibu kwamba watu wa Tamarack ni malaika. Korongo walimhitaji mtu mrefu kama Lamont kuliko walivyohitaji hewa, na uongo mdogo tu ungetosha. Lakini mwanamke yule alikuwa amekula chakula chake, na mtoto ni mtoto.

"Mama Lamont, nikikudanganya leo, utanijua Novemba msimu ukianza," alijibu. "Tuna midomo. Ila sidhani kama tuna roho mbaya. Kesho asubuhi, kama kawaida, nitakunywa kahawa na wenzangu. Njoo uwasikilize mwenyewe."

Rosetta alifikiri kidogo, akakubali kwa sharti moja: asitambulishwe kama mama wa mtu. Verna akaridhia, na papo hapo akaanza kujuta, maana alimkumbuka Orville.

Orville Kessler alikuwa mkulima wa mahindi na soya, mwenye mwili kama ghala na sauti ya kuitia ng'ombe walio shamba la tatu. Mwenziwe wa mezani, Dwight Pruitt, alikuwa kinyozi mwembamba aliyetembea na takwimu za kila mchezaji nchini ndani ya simu yake. Walikuwa marafiki tangu shule, na hawakuwahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa. Verna alipoingia na mgeni siku ya pili yake, tayari walikuwa wamekabana.

Aliwaambia kwamba huyu ni Rosetta, mgeni wake kutoka Toledo. Orville alisimama, akamvutia kiti kwa adabu, akamsukumia sahani ya mikate iliyomiminiwa mchuzi mzito wa soseji, kisha akamuuliza kama anaujua mpira wa kikapu.

"Kidogo tu," Rosetta alijibu.

Ilikuwa asubuhi ya majina matatu. Orville alimtaka Kincaid, mrushaji kutoka Arizona ambaye kila mwaka alikuwa na chuo kipya. Marge mwenyewe, akipita na birika la kahawa, alimpigia debe Mlithuania mmoja mrefu kama mnara wa maji, kwa sababu alionekana mtoto mwenye heshima. Dwight akasema bila kuinua macho kwamba hesabu zote zinamtaka Lamont Tolliver, atake asitake mtu. Nani mwingine, aliuliza, anaruka vile, anazuia vile, anaokota mipira inayodunda vile?

"Dwight, hivi wewe hata nywele unakata kwa hesabu?" Orville alimuuliza.

"Zako hapana. Zako hazina cha kuhesabu."

Marge alicheka mpaka akamwaga kahawa. Verna hakucheka. Alikuwa anamtazama Rosetta, aliyekuwa akipaka siagi kwenye mkate wake kwa utulivu wa mtu anayefunga kidonda. Kisha mgeni akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Kincaid hawezi kwenda kushoto; ukimfungia mkono wa kulia amekwisha. Na yule Mlithuania ni mzuri, ila anavyotua baada ya kuruka, goti lake halitafika Februari.

Orville alimtazama mgeni kwa macho mapya, jinsi anavyotazama trekta ya jirani iliyowaka katika baridi, akamwita Marge alete pai ya maziwa na sukari kwa ajili ya dada huyu. Tangu hapo akawa anamgeukia kila hoja, kumwomba amuunge mkono. Na kwa kuwa alimwona mtu wa maana, akaamua kumweleza vizuri kwa nini Lamont Tolliver hatakiwi Tamarack.

Alieleza kwa kirefu. Kwanza ni mvivu wa kurudi nyuma kulinda. Pili ana mikono ya mbao, ndiyo maana alikosa mitupo huru ambayo hata Marge angeifunga na birika mkononi. Na hayo yote yanafundishika. Kisichofundishika ni adabu, na kile kidole alichoweka mdomoni kilionyesha mtoto asiyelelewa. Verna alimpiga teke chini ya meza, lakini miguu ya Orville ilikwishapigwa mateke na ng'ombe; haikuhisi kitu.

"Haya, tuseme amekuja," Rosetta alisema. "Akakosa. Utamfanya nini?"

"Nitapiga kelele mpaka nikauke koo," Orville alijibu mara moja. "Halafu mechi ijayo nitakuja tena. Watoto wetu wote nimewapigia kelele. Gari la mmoja wao likizama kwenye theluji, anayelivuta kwa trekta ni nani? Ni mimi. Na njiani namweleza kosa lake."

Rosetta aliinamisha kichwa kama anayeliweka jibu lile mahali. Hapo Dwight, aliyeona mchezaji anayemtetea anashambuliwa, akatafuta kwenye simu video ya ile mechi ya Machi ili kuthibitisha kwamba urushaji wa Lamont ni mzuri, tatizo lilikuwa uchovu. Akaiweka simu katikati ya meza. Mtupo wa kwanza ukagonga chuma. Sauti za jukwaa zikapanda, na matusi yakasikika wazi, maneno mabaya juu ya yule kijana na juu ya mama aliyemzaa.

Rosetta akaweka kiganja juu ya kioo cha simu. Aliuacha mkono pale, akageuza uso dirishani, na kidevu chake kikacheza kidogo.

Verna alinyoosha mkono akaizima sauti. Alipoinua macho, aliona Orville ametulia kama ng'ombe aliyesikia radi mbali. Orville alikuwa na makelele, lakini hakuwa mjinga. Alimtazama mgeni, akamtazama Verna, akavua kofia.

"Ni wako," alisema.

"Ni wangu. Kitinda mimba."

Hakuna aliyejua pa kutia macho. Dwight aliichukua simu yake polepole na kuiweka mfukoni, na hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo wakati wa mazungumzo. Mwisho Orville akasema kwamba yale ya mikono ya mbao hayabatilishi, maana ni kweli, lakini lile la malezi analifuta, na anaomba radhi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Verna hakujua kwamba anayo, akauliza kama anaruhusiwa kuuliza juu ya kile kidole.

Rosetta alimtazama. Pembe za mdomo wake zikaanza kupanda.

"Bwana Orville, siku ile nilikosa tiketi upande wa Brandt. Nikaketi kwenu, nyuma ya kikapu, kati ya watu wenye kofia za midomo ya korongo. Mwanangu alipofunga nilisimama juu ya kiti nikapiga yowe. Tangu yuko darasa la pili namtia aibu kwa yowe langu, na tangu wakati huo huniwekea kidole mdomoni: mama, keti. Ninyi hata hakuwaona."

Aliyeanza kucheka ni Marge, huko nyuma ya kaunta. Dwight akafuata, akicheka bila sauti, mabega yakimtetemeka. Verna alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha meza, kwa sababu sasa alimkumbuka: mwanamke mwenye koti la manjano, juu ya kiti, safu chache chini yake, akipiga yowe kama king'ora cha tufani. Yeye mwenyewe alimwambia akae chini.

Orville alikuwa wa mwisho. Alikaa na kofia yake mapajani, akipiga hesabu ya msimu mzima wa chuki. "Miezi minne," alinong'ona. "Miezi minne nimemchukia mtoto wa watu kwa neno alilomwambia mama yake." Halafu naye akapasuka, na vikombe vikatetemeka mezani.

Kicheko kilipotulia alisema jambo ambalo Verna alilikumbuka kwa muda mrefu. Alimwambia Rosetta kwamba hawezi kumwahidi kunyamaza, amezaliwa na kelele na atazikwa nazo. Lakini mtu akimtaja mama wa mchezaji, au akimfuata kijana dukani, huyo atakuwa na kesi na Orville Kessler, na Tamarack nzima inajua kesi hiyo inaamuliwa vipi. Dwight akaongeza kwamba mwenye tabia hiyo hatanyolewa mji huu. Rosetta aliwashukuru, akamaliza pai yake, akaondoka kwenda kukutana na mwanawe, bila kuahidi chochote.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Ilisikika kwamba Lamont ametembelea chuo kimoja cha Ohio, kisha kwamba amesafiri hadi Missouri. Orville aligeuka. Mtu akithubutu kumsema vibaya kijana yule kwenye duka la mbegu au kanisani, alimweleza habari ya kidole tangu mwanzo, akiigiza na yowe lenyewe, mpaka mchungaji akamwomba asubiri ibada iishe.

Alhamisi moja Verna alikuwa anakanda unga simu ilipolia. Alikuwa Rosetta. Aliuliza kama chumba kile kinachotazama bustani kitapatikana majira ya baridi, siku za mechi za nyumbani, zote. Verna aliketi juu ya gunia la unga. Aliuliza zote kweli, na Rosetta akasema zote, ila amtunzie siri hadi jioni Lamont atakapotangaza mwenyewe.

Kutunza siri mbele ya wale wawili hakukuwa kazi ndogo. Verna alikwenda kwa Marge, akaagiza supu asiyoitaka, akatazama ukuta. Orville na Dwight walikuwa wanabishana kama Missouri wana uwanja mzuri kuliko wao. Walimuuliza maoni yake, akasema hana. Wote wawili wakaacha ubishi, maana Verna kukosa maoni lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea.

Orville alimchungulia usoni. Alitazama unga uliokauka kwenye mikono yake, akatazama supu isiyoguswa. Alimwita Marge akaagiza pai nzima, iletwe na sahani za watu wote waliomo ndani.

"Sasa," alisema, akimgeukia Dwight na kusugua viganja, "mtu mrefu tunaye. Hebu toa hiyo simu yako tutafute wa kumpa mpira. Na usinitajie Kincaid. Yule hawezi kwenda kushoto."