Kikombe Kisichonukia

Kiwanda kizima kilimwita Bi Pua, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuonja chai. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya meza ndefu yenye vikombe vyeupe, akichota kwa kijiko, akifyonza kwa kelele mpaka wageni wakamwonea haya, akitema kwenye ndoo, kisha akitoa hukumu: fungu hili zuri, hili lilikaa karibu na dizeli, hili lilinyeshewa njiani. Alichokikataa Bi Pua hakikutoka getini. Mumewe, fundi wa kutengeneza vyerehani, alipenda kuwatania marafiki zake: "Mimi uongo nyumbani siuwezi. Nikipita karibu na baa, mke wangu anajua nilipita upande gani wa barabara."

Ijumaa moja meneja alimwita ofisini.

"Kuna chai mpya ya kijani imeingia madukani, watu wanaisifia. Inunue, ionje kwa utulivu nyumbani, Jumatatu uniambie kama tuna la kuogopa."

Jioni hiyo alipitia duka la vyakula lililo karibu na kwao. Pakiti zilikuwa kwenye rafu ya juu, kati ya kahawa na maziwa ya unga. Alichukua moja, akaitikisa karibu na sikio kusikia kama majani yamevunjikavunjika. Tangu wiki iliyotangulia alikuwa kitandani na mafua mabaya, na Ijumaa hiyo, siku ya kwanza kurudi kazini, hakuonja fungu lolote, lakini homa ilikuwa imekwisha, kikohozi kimekwisha, na alijiona mzima.

Jumamosi asubuhi alichemsha maji, akayaacha yapoe kidogo, maana chai ya kijani ukiimwagia maji yanayotokota unaiunguza. Majani yalifunguka taratibu, maji yakageuka rangi ya kijani iliyofifia, safi, isiyo na vumbi. Mumewe akaingia kutoka uani, bisibisi mkononi, akasimama mlangoni.

"Ndiyo hiyo? Mbona inanukia hivi! Kama nyasi zilizofyekwa sasa hivi. Halafu kuna ua fulani humo ndani."

Bi Pua aliinamia kikombe. Mvuke ukampiga usoni, wa moto. Nyasi hakuna. Ua hakuna. Akavuta pumzi tena, kwa nguvu, mpaka kifua kikamuuma. Akafyonza kijiko kizima. Ulimi ulipata joto na uchungu kidogo, basi. Ni kama alikuwa akinywa maji yaliyotiwa rangi.

"Unaionaje?" mumewe akauliza.

"Nzuri," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Mume alipotoka, Bi Pua alipasua kitunguu akakibandika puani. Machozi yakamtoka, lakini harufu hakuisikia. Akafunua sufuria ya mchuzi wa jana. Hakuna kitu. Akafungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa, kitu ambacho zamani kingemfukuza chumbani. Hakuna kitu. Mwisho alikwenda kulichukua shati la kazi la mumewe, lililolowa jasho na mafuta ya mashine, akauzika uso wake humo. Alikuwa akilijua shati lile kuliko alivyozijua kucha zake. Sasa lilikuwa kitambaa tu. Hapo ndipo alipokaa kwenye ukingo wa kitanda.

Pua si mguu, kwamba ukikatika watu watauona. Akajiambia atanyamaza, itarudi yenyewe. Jumapili nzima alinusa kila alichokigusa, kisirisiri kama mwizi, na kila mara alitoka mikono mitupu.

Jumatatu meneja akamngojea mlangoni. "Enhe, ile ya kijani?"

"Kama nyasi zilizofyekwa," alijibu. "Na ua kwa mbali."

"Ndiyo maana nakupenda!" meneja akacheka, akaenda zake.

Maneno yalikuwa ya kuazima. Lakini kibaya zaidi kilikuwa mezani. Mwenzake wa kazi, kijana waliyemwita Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza, alikuwa na mafungu yake upande ule. Bi Pua alikuwa na matano upande huu. Alifyonza, akatema. Alitazama rangi, akayageuza majani kwa kijiko, akayabonyeza. Macho yalimwambia kitu kidogo, pua haikumwambia chochote.

"Bi Pua, leo mbona kimya? Hujatukana hata kikombe kimoja!" Kasuku akamtania.

"Leo wamejitahidi," akasema. Akaweka sahihi kwenye karatasi zote tano.

Saa kumi alifika nyumbani akiwa amechoka kama aliyebeba mawe. Mama mkwe wake, anayeishi nao, alikuwa kwa jirani. Bi Pua alijipikia maneno ya kumwambia mumewe, akayatupa, akayapika mengine. Akaingia jikoni, akabandika birika kwenye jiko la gesi, akachukua kibiriti, akatoa kijiti.

"Weka chini! Weka chini hicho!"

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kanga imemdondoka begani. Alimpokonya kibiriti, akafunga mtungi, akasukuma madirisha yote mawili, akamvuta kwa mkono mpaka uani kama mtoto.

"Gesi inanuka mpaka kwa jirani! Na wewe, mwenye pua ya kiwanda kizima, umesimama katikati yake unawasha moto! Unataka kutuua?"

Bi Pua alitazama dirisha la jikoni. Kila kitu kilikuwa kimya mle ndani, kisafi, kama siku zote.

"Sisikii, Mama," alisema mwishowe. "Sisikii harufu yoyote."

Mama mkwe akamwachia mkono. Hasira ikamtoka usoni, ikaingia hofu.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Sijui. Labda tangu mafua. Niligundua juzi."

"Mume wako anajua?"

Akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na leo kingetuumbua sote." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na kazini?"

Bi Pua alianza kulia, akamweleza kuhusu yale mafungu matano.

Mumewe aliporudi aliukuta mpira wa gesi umepasuka karibu na mtungi, akaubadilisha huku wakimweleza yote. Alipomaliza alinawa mikono, akamwuliza mkewe swali moja tu: "Yale mafungu uliyoyapitisha, yako wapi sasa?"

Kesho yake Bi Pua alifika kiwandani kabla ya kengele. Lori lilikuwa getini limewashwa, na wapakizi wanarusha magunia ya mwisho. Aliisoma namba kwenye gunia lililokuwa karibu: ilikuwa ya fungu lake.

"Shusheni!" alipiga kelele. "Shusheni yote, yasitoke!"

Meneja akaja mbio. Bi Pua akamweleza hapohapo, mbele ya wapakizi na dereva, maana alijua akingoja waingie ofisini ujasiri utamtoroka.

"Lakini uliniambia nyasi, uliniambia ua!"

"Maneno ya mume wangu, bwana."

Meneja alibaki ameshika kiuno. Halafu akamwita Kasuku.

Bi Pua alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kuonjea. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini alisikia maji ya birika yakimiminwa, kimya cha kungoja majani, kisha mifyonzo ya Kasuku, mmoja baada ya mwingine. Aliihesabu. Baada ya mfyonzo wa tano kukawa kimya, ukafuata mwingine, na mwingine. Kasuku akatoka. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Manne yako sawa, dada. La tano limevunda. Lina ukungu."

Meneja alimwambia Bi Pua aende kwa daktari siku hiyo hiyo, na kwamba meza itashikwa na Kasuku.

"Nikirudi je?"

"Ukirudi na pua, tutazungumza," alisema, bila ukali, lakini pia bila kumtazama machoni.

Daktari alimmulika puani, akamnusisha vichupa sita, akaandika sifuri sita. Akamweleza kwamba mafua huweza kuujeruhi mshipa wa kunusa. Wengine hupona baada ya wiki kadhaa, wengine miezi, wengine hawaponi.

"Mimi nitakuwa wa wapi?"

"Sijui, mama. Chagua vitu vinne vyenye harufu kali, uvinuse hivyo hivyo kila asubuhi, taratibu. Uje baada ya mwezi."

Mumewe alikuwa akimsubiri nje, karibu na ngazi. Bi Pua alimweleza yote, hata vile vichupa sita, hata namna meneja alivyotazama pembeni.

"Naogopa," alimwambia.

"Hata mimi," akasema mumewe, akampokea mkoba, wakaanza kutembea.