Cherehani ya Jumapili

Fundi alikwenda chuo kikuu kuuliza masharti ya shahada ya binti yake akiwa na tepu ya kupimia shingoni. Si kwamba alitaka kujionyesha, aliisahau tu hapo kama kawaida yake. Mdogo wake, msusi mwenye mdomo usiojua likizo, aliiona tangu wanatoka nyumbani akanyamaza makusudi, ili apate cha kumcheka njiani.

Mkuu wa idara ya Kichina na Kijapani aliwakaribisha viti. Fundi hakuzunguka mbuyu.

"Mwalimu, mimi ni fundi cherehani. Kazi yoyote naianza kwa vipimo. Nipe vipimo vya hii shahada, nijue mtoto anaimaliza vipi."

Mwalimu akacheka, kisha akamsomea. Kichina miaka yote minne. Kijapani angalau miaka miwili, maana idara ni moja na lugha ni mbili. Historia na utamaduni wa nchi zote mbili, maandishi ya kale, kuandika kwa brashi. Halafu, mwisho kabisa, muhula mzima Uchina, na mitihani ifanyike hukohuko.

"Eti Kichina peke yake hakitoshi?" msusi akadakia. "Mtoto wa watu mnamtwika lugha mbili kama punda!"

"Kijapani ni bitana," Fundi akamwambia. "Koti lisilo na bitana nani atalivaa? Hebu nyamaza tusikie. Mwalimu, na akirudi kabla ya hiyo mitihani ya huko?"

"Muhula unafutika, mama. Na ufadhili wake unakatika palepale."

Fundi akaguna, akaiomba ile karatasi. Akaibandika ukutani juu ya cherehani, na kila sharti lililotimia akalitia alama kwa chaki yake ya kitambaa. Ilikuwa raha kumwona. Wateja walioleta suruali za kupunguzwa walijikuta wakielezwa maandishi ya kale ya Kichina, wakitaka wasitake.

Binti mwenyewe, waliyemwita Profesa tangu darasa la pili, alikulia kando ya cherehani ile. Alitambaa chini yake, akalala usingizi kwa mlio wake, akachapwa vidole kwa kuichezea. Alipofika chuoni alifanyia kazi zake palepale mezani, anakariri kwa sauti huku mama yake anakanyaga, na kila mmoja akimlalamikia mwenzake kelele.

Figo za Fundi zilianza kuharibika mwaka ule Profesa alipojiandaa kwenda Uchina. Miguu ilivimba, akaificha kwa magauni marefu. Alimshonea binti yake koti zito la baridi, lenye bitana, akamsindikiza, akampungia mkono mpaka hayupo. Aliporudi nyumbani alikaa kitandani akasema, "Haya, sasa nipelekeni hospitali."

Huko hospitali ndiko alikombebesha mdogo wake mzigo.

"Mtoto asiambiwe lolote mpaka amalize. Akijua atarudi, namfahamu. Miaka yote hiyo itakwenda na maji."

"Dada, yule kasema atapiga simu kila Jumapili! Nitamwambia umekwenda wapi, sokoni?"

"Wewe si una sauti yangu?"

Hilo lilikuwa kweli. Ujanani mwao wachumba wa Fundi walimmwagia msusi maneno matamu kwenye simu, naye akayapokea yote bila haya, halafu akayapeleka kwa mwenyewe yakiwa na chumvi. Walipokumbuka hayo walicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Msusi akaahidi. Alidhani, masikini, kwamba ni mambo ya kupita, kwamba dada yake atatoka na simu atazipokea mwenyewe.

Fundi alifariki katikati ya wiki ileile. Wakamzika. Majirani wakaonywa wafunge midomo. Na Jumapili ikaja, kama Jumapili zinavyokuja hata kama hukuziita.

Simu ya Fundi ilikuwa ya vitufe, haina mambo ya picha. Kila alipopigiwa aliiweka mezani, akafungua spika, akazungumza huku anashona, maana hakuwahi kusimamisha kazi kwa ajili ya maongezi. Msusi alilijua hilo. Yeye hata kifungo hajawahi kushona, lakini alikaa kwenye kigoda cha dada yake, akachomoa uzi usije ukamletea balaa, akateremsha ule mguu wa chuma unaobana kitambaa kama alivyozoea kumwona mwenzake akifanya, akaanza kukanyaga. Cherehani ikalia. Akapokea.

"Haloo, Profesa wangu!"

Kimya. Msusi akaulaani mtandao moyoni.

"Mama," sauti ikaja. "Hujambo?"

"Sijambo kabisa. Umekula?"

"Nimekula. Mama, mwambie Mama mdogo asijikondeshe kwa mawazo. Mwambie ale, na alale. Asijione yuko peke yake."

Msusi alikata simu, akalia palepale juu ya cherehani. Mtoto anamhurumia, naye anamdanganya! Alijiona mtu mbaya kuliko wote duniani.

Jumapili zikafuatana hivyohivyo. Profesa alisimulia baridi ya huko, mwalimu wa brashi asiyemruhusu mtu kurudia mstari aliokwisha kuuchora, na Kijapani kinachomponyoka mdomoni kila anapotaka kusema Kichina. Kuhusu afya ya mama yake hakuuliza tena. Na kila akiaga alirudia salamu zilezile za Mama mdogo. Msusi akajisifu kimoyomoyo kwamba kumbe angeweza kuwa mwigizaji. Akimaliza kujisifu, analia.

Kisha ikaja Jumapili ya matokeo.

"Yametoka," Profesa alisema. "Nimefaulu yote. Hakuna sharti lililobaki."

"Hongera, mwanangu! Hongera, Profesa wangu!" Msusi alikanyaga kwa nguvu. Ahadi ilikuwa imekwisha. Sasa alipaswa kusema, na yeye aliyemwaga maneno kutwa nzima vichwani mwa watu akazidi kukanyaga tu.

"Mama mdogo," Profesa akasema.

Mguu ukaganda juu ya kikanyagio.

"Mama mdogo, acha kukimbiza mashine tupu. Inakula meno yake ya kuvutia kitambaa."

"Unasema nini, mwa..."

"Mama alinichapa vidole kwa hilo hilo nilipokuwa mdogo. Asingeikanyaga bila kitambaa hata siku moja. Jumapili ile ya kwanza nilisikia chuma kinasaga chuma, nikajua si yeye aliyekaa hapo. Na kama si yeye, basi hayupo, maana angekuwa hai hata hospitalini angeniletea ubishi kwenye simu."

"Tangu ile ya kwanza?"

"Tangu ile."

"Yesu wangu! Na ukanyamaza muda wote huu?"

"Ningesema, ungelia. Ningekusikia unalia, ningepanda ndege. Nilijua ni yeye aliyekutuma." Sauti ilianza kumvunjika. "Mlikubaliana wawili, nikaona na mimi niwe wa tatu. Nilikuwa nalia bafuni, nanawa uso, naenda darasani."

Msusi alishika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe zile salamu hazikutumwa kupitia kwa mtu. Alikuwa akipewa pole zake mwenyewe, kila Jumapili, na mtoto aliyefiwa na mama.

"Mlimzika wapi?"

"Kando ya babu yako."

"Mlimvalisha nini?"

"Lile gauni la bluu, alilojishonea mwenyewe."

Profesa aliposema tena alikuwa ni mtoto mdogo kabisa.

"Mama mdogo, mimi sijamlilia Mama bado. Sijamlilia kwa sauti. Weka kitambaa."

Msusi alitazama huku na huku. Nguo za wateja zote alikwisha kuzirudisha, hapakuwa na hata kiraka mezani. Akavuta pindo la gauni alilovaa, akalilaza chini ya ule mguu wa chuma, akakanyaga polepole.

Mlio ukaja mzito, laini, uleule wa siku zote. Na huko mbali, Profesa akapiga yowe akimwita mama yake.