Mbuzi wa Nyuma Hajasikia

Muhula uliopita, mjukuu wangu Kathini alisimama mbele ya wazazi kusoma insha, akashindwa, akatoka akilia. Safari hii aliapa kwamba akishindwa tena hatarudi shuleni.

Baba yake, mwanangu Muindi, hakumkemea. Kila jioni alipokuwa akikama mbuzi, alimsimamisha mlangoni pa zizi asome. Humwita mama, kwa kuwa amerithi jina la marehemu mke wangu. Sauti ilipofifia, alimwambia, "Mama, mbuzi wa nyuma hajasikia."

Mkutano wa wazazi uliangukia siku ya soko la Kwa Vonza. Kwetu mikutano ya shule huachiwa akina mama, lakini Muindi aliingia nami, tukaketi nyuma.

"Baba Kathini, umepotea? Mnada uko kule!" mama mmoja alimtania.

"Leo mnada wangu uko hapa."

Kathini alianza kusoma, sauti ikazama. Muindi akainuka.

"Mama, mbuzi wa nyuma hajasikia!"

Ukumbi uliangua kicheko. Kathini naye akacheka, akaanza upya, akasoma hadi mwisho.

Sisi tulifundishwa kusoma kwa kiboko. Masikio yangu ni mazito siku hizi, ila sikukosa neno hata moja.