Madoa ya Waridi kwenye Gari la Alby

Mwezi wa nne, wachoraji walipokuwa wakimalizia kupulizia rangi picha za kasuku wakubwa kwenye ukuta wa ghala la ngano la mji mdogo wa Murrandool, upepo uligeuka katikati ya mechi. Ukungu wa rangi ya waridi ukatua juu ya magari yote yaliyoegeshwa kuuzunguka uwanja wa mpira upande wa ghala. Maree Tonkin, mwenye karakana pekee ya kusafisha magari mjini hapo, alishinda majira yote ya baridi akiyaondoa madoa hayo, gari moja baada ya jingine.

Gari la baba yake halikuletwa. Alipomuuliza, Alby alisema siku ile aliegesha upande wa pili. Maree hakuamini. Baba yake alikuwa na nafasi yake upande huohuo wa ghala, karibu na ubao wa magoli, tangu Maree hajazaliwa, na mtu mwingine akiegesha pale, alikuwa anafuatwa dirishani na kuambiwa asogee. Lakini hakuuliza tena. Hawakuwa watu wa kuulizana jambo mara mbili.

Sasa ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nane, na Alby alikuwa amekufa usingizini. Kesho jeneza lingezungushwa uwanjani mara moja, kama wanavyozungushwa wachezaji wote wa zamani, gari lake likifuata nyuma na watu wakipiga honi kutoka pembeni. Craig, mdogo wake Maree, ndiye aliyelileta gari karakanani: Kingswood ya kijani iliyokoza, ambayo bado ilikuwa na rangi iliyotoka nayo kiwandani.

"Dada, lina madoa hili," alisema Craig. "Nimeyaona nilipolitoa gereji ya nyumbani kwake. Paa lote."

"Kwa hiyo aliegesha palepale."

"Mzee huyo! Angeegesha wapi kwingine? Litatoka?"

"Litatoka."

"Maana watu wote watakuwepo. Nisije nikaaibika na gari lenye surua." Akacheka peke yake, kisha akafuta pua kwa mkono wa koti. "Halafu useme alikuwa hafai kuendesha. Mpaka wiki iliyopita ananisomea namba za magari toka ng'ambo ya barabara."

Craig alipoondoka, Maree aliliosha gari, akavaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kuupitisha juu ya paa. Kupitia plastiki vidole husikia kile ambacho vikiwa vitupu havikisikii. Paa lilikwaruza kama msasa. Akanyunyiza maji ya sabuni, akakanda kipande cha udongo wa kusafishia, ule laini unaonasa uchafu juu ya rangi, akaanza kuusukuma na kuuvuta kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Udongo uliokota waridi. Uliokota na kijani kidogo pia, lakini hilo alilitarajia, kwa kuwa rangi za zamani hazina tabaka la kung'aa juu yake. Paa likawa laini, buti vilevile.

Kwenye boneti mfuko haukukwaruza. Ulikuwa ukinata.

Alidhani ni nta kuukuu. Akapitisha udongo mara chache, akafuta, na chini ya kitambaa pakatokea doa la kijivu, pana kama kiganja. Ilikuwa rangi ya msingi, ile ambayo hakuna mtu anayetakiwa kuiona.

Maree alirudi nyuma hatua moja. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuitoboa rangi ya gari la mtu. Alitazama udongo mkononi: haukuwa na chembe ya mchanga. Akafuta tena pembeni kwa kitambaa kitupu, na kijivu kikaongezeka. Kitambaa hakiwezi kula rangi. Akaleta taa na kuilaza karibu na bati. Hapo aliona mikwaruzo, mamia, yote ya mviringo. Yeye alisafisha kwa mistari iliyonyooka. Aliyesugua kwa kuzungusha alikuwa mwingine: baba yake alisugua hivyo viatu, sufuria, na mgongo wa mbwa.

Ndani ya buti, chini ya blanketi, alikuta waya wa kusugulia sufuria uliojaa waridi, na kopo la nta ya kijani, ile inayouzwa kufichia mikwaruzo. Lilikuwa limekombwa mpaka bati lake.

Ushahidi ulitosha. Alby aliona madoa, au alielezwa. Alisugua pale alipofika mkono wake, boneti na mlango wa dereva, na hakuona wakati waridi ilipokwisha na kijani kilipoanza kwisha. Kisha alipaka nta mpaka vidole vikamwambia pamekuwa laini. Karakana ya binti yake ilikuwa barabara mbili tu kutoka nyumbani kwake. Aliwahi kusema baa, Maree akiwepo, kwamba kuosha magari ya watu ni kazi ya mahabusu. Watu walicheka, na Maree naye alicheka.

Rangi mpya isingekauka kufikia asubuhi. Alimaliza kuyaondoa madoa yaliyobaki, akautupa waya na kopo kwenye pipa la taka, akazima taa.

Asubuhi Craig aliliona gari akasimama.

"Maree. Umefanya nini?"

Angeweza kumjibu kwa sentensi moja. Ingebidi aeleze vilevile kwamba mzee hakuwa akiona namba ya gari lolote, alizikariri tu, na kwamba Craig, aliyempa funguo kila Jumamosi, alikuwa akidanganywa.

"Rangi ilikuwa nyembamba," alisema. "Nimepitiliza."

"Umepitiliza? Wewe? Jamani, gari la mzee!"

"Ndiyo."

"Si ungeacha tu na madoa yake?"

"Ningeacha."

Craig aliendesha, Maree akakaa kando yake. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujaondoka uwanjani. Walizunguka taratibu nyuma ya jeneza, honi zikilia pande zote, na boneti ilikuwa mbele ya macho yao mzunguko mzima, kijivu katikati ya kijani.

Kwenye chai baada ya mazishi, Kelvin Pruett, aliyecheza na Alby tangu ujana, alimfuata Maree akiwa na andazi la nyama mkononi.

"Pole, binti yangu. Nimeliona gari." Alitafuna. "Baba yako hata mimi hakuniruhusu kuligusa, unajua? Kazi kama ile ungempa fundi wa mji mkubwa."

"Kweli, Mzee Kelvin," alisema Maree, akamshikia kikombe ili apate kufuta mikono.

Jumatatu hakuna aliyeleta gari. Jumanne mtu mmoja alipiga simu kuahirisha.