Wali wa Mchanga

Kila alfajiri Nilakantan Nambudiri alitoka chumbani kwa Kalyaniyamma, mama wa Ammini, akashuka ngazi za bwawa, akajitosa mara tatu. Akipanda tena, hakuwa mtu wa nyumba ile. Maji yalishamtenga, na ole wake mtoto atakayemgusa kabla ya jioni.

Ammini alijifunza hilo akiwa na miaka minne. Alimkimbilia yule mtu mrefu anayechuruzika maji, akamkumbatia mguu. Mjomba Kesavan, kaka wa mama na mwenye kauli nyumbani, alimchapa fimbo tano pale pale. Nilakantan aligeuka. Alishuka tena bwawani taratibu, kama mtu aliyesahau kitu huko chini, kwenda kuoga ili auondoe mguso wa binti yake. Fimbo zilipoa jioni ile ile. Kule kugeuka hakukupoa.

Ndiyo ilikuwa desturi, na wenye nayo waliiona imenyooka kama rula. Kwa Wanambudiri, makuhani wa Kihindu wa juu kabisa, kifungua mimba peke yake ndiye aliyeoa mwanamke wa kwao. Wadogo zake wakatafute pa kulala kwa Wanayari, tabaka la kina Ammini, na watoto watakaopatikana ni wa mama na wajomba. Baba ni mgeni wa usiku. Anakuja ameshakula kwao, ng'ambo ya mto, kwa sababu chakula kilichopikwa na mkono wa Mnayari kingemtia unajisi. Kwamba mkono huo huo ulimkanda mgongo usiku kucha, hilo halikuhesabiwa. Hata kuitwa baba haikuwezekana. Ammini alimwita Mtukufu, sawa na mchunga ng'ombe alivyomwita. Tena mbele yake kila kilicho chao kilibidi kiteremshwe: nyumba yao ya ghorofa iliitwa kibanda, na wali wao, hata mchele wake ukiwa umepembuliwa hadi chenga ya mwisho, uliitwa wali wa mchanga.

Alipofika miaka ishirini, wenzake walitamani bangili. Yeye alitamani kitu kimoja, na hakukiona kuwa kikubwa: siku moja baba yake akae chini, yeye amtandikie jani la mgomba, ampakulie, amwone akila.

"Mama, hajawahi kula hapa?" alimwuliza mama yake, Kalyaniyamma, walipokuwa wakichambua dengu.

"Nani, Mtukufu? Unaota wewe."

"Hata tonge moja?"

"Watoto watatu amenipa, tonge moja hajanipokea. Haya, chambua dengu, usinichambue mimi."

Kisha ukaja mwaka wa mafuriko. Mto ulipanda usiku mmoja ukafagia kivuko. Asubuhi Nilakantan alioga kama kawaida, akaenda hadi mtoni, akarudi. Mtumbwi hakuna, mpishi wake yuko ng'ambo. Kitu kisichopita motoni hakikuwa na unajisi kwake, basi siku ya kwanza alikunywa madafu na kula ndizi mbivu. Siku ya pili, madafu na ndizi. Siku ya tatu yeye, mtu wa miaka hamsini na tano, alishika nguzo ili ainuke.

Ammini akapiga moyo konde. Alioga, akavaa nguo iliyofuliwa, akapika. Wali mweupe, mchuzi wa mtindi wenye manjano na nazi ya kukaanga, achari ya limau. Mjomba Kesavan alimkuta anatandika jani barazani.

"We mtoto una wazimu? Unataka kumtoa mtu kwenye tabaka lake?"

"Nataka kumtoa kwenye njaa, mjomba."

"Atakula nini akifukuzwa kwao?"

"Si atakula kwetu?"

Mjomba alitema mate ya tambuu uani, akaondoka. Ammini alipakua, akarudi nyuma hatua zinazotakiwa, akainamisha kichwa.

"Mtukufu, mtumwa wako amepika wali wa mchanga."

Nilakantan aliutazama. Mvuke ulipanda hadi usoni mwake, na Ammini aliona koo lake likimeza mate.

"Si wa mchanga," alisema. "Usiuite hivyo. Umekaanga nazi."

"Nimekaanga."

"Ungezaliwa kwetu, Ammini, ningekula mpaka nikalamba jani."

"Nimezaliwa na wewe, Mtukufu."

Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumjibu hivyo. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, labda kuliko siku nyingine zote zikiwekwa pamoja. Mkono wake wa kulia uliinuka pajani, ukaenda kwenye wali, ukafika karibu hata vidole vikalowa mvuke. Halafu mkono ukarudi, ukashika ule uzi mweupe uliopita begani mwake, uzi aliovishwa utotoni kwa kuwa amezaliwa alikozaliwa.

"Kaka yangu ataniuliza nilikula nini," alisema. "Nitamwambiaje?"

"Mwambie ulikuwa na njaa."

"Kwetu njaa si jibu, mwanangu."

Mwanangu. Lilimponyoka, na wote wawili walilisikia. Kisha akaomba dafu. Ammini alilifyeka mwenyewe, akaliweka chini, akasogea mbali ili alichukue. Wali ule Ammini alimpa ng'ombe.

Kesho yake maji yalipungua na mtumbwi ukaja. Akiwa kwenye ngazi, Nilakantan aligeuka. "Siku nyingine, Ammini," alisema.

Ammini aliyashika maneno hayo. Tangu hapo kila alipopika alipima mchele wa mtu mmoja zaidi, na mama yake, aliyekuwa mwepesi wa kugombeza upotevu wa chakula, hakugombeza.

Mwezi wa tano baada ya mafuriko, Mtukufu alikosa kuja jioni tatu mfululizo. Siku ya nne dobi wa kike alileta nguo, akasema huku akizihesabu, "Mtukufu wenu si alikufa, wakamchoma juzi? Homa. Nilidhani mnajua."

Hakuna aliyeona haja ya kuwaambia. Ammini alivuka mto, akafika lango la jumba la Wanambudiri. Msimamizi alimzuia.

"Wewe ni nani wake?"

Alifungua mdomo. Kwa hesabu yao hapakuwa na neno la kumtaja yeye. "Ni wa nyumba aliyokuwa akilala," alisema.

"Basi huna msiba hapa. Rudi kwenu."

Kwa juu ya bega la msimamizi aliona uani wana wa kaka wa marehemu, waliokuwa hawamsalimii vizuri alipokuwa hai, wakifinyanga matonge ya wali na ufuta na kupiga makofi kwa mikono iliyolowa ili kuwaita kunguru. Marehemu hula kwa mdomo wa kunguru, na wao ndio waliokuwa na haki ya kumlisha.

Asubuhi iliyofuata Ammini aliwasha jiko. Hakufinyanga tonge wala kutia ufuta. Alipika wali na mchuzi wa mtindi, akafagia pembe ya uani, akatandika jani, akapakua. Alilowesha mikono, akapiga makofi.

Mama yake alitokea mlangoni. "Unafanya nini? Kwetu hakujafiwa."

"Sifanyi matanga, mama. Nampakulia mtu chakula."

Kalyaniyamma alitazama juu, kwenye dirisha la kaka yake. Kisha akajifunga nguo vizuri, akaja akaketi chini kando ya binti yake.

"Mama, onja mchuzi. Alikuwa anapenda chumvi nyingi au kidogo?"

Kalyaniyamma alifungua mdomo kujibu, kama mke yeyote angejibu. Miaka ishirini na mitano. Alijua anavyokoroma, ubavu anaolalia, goti linalomsumbua mvua zikianza.

"Sijui," alisema. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu dobi alete habari. "Mwanangu, mimi sijui."

Kunguru alitua ukutani, akainamisha kichwa upande, akarukia jani. Wanawake wale wawili wakamkodolea macho anavyokula, wapate kujua.