Ua la Mwalimu Erasmus

Simu ya Mama Zain ilimkuta Bupe Kurasini, katikati ya makontena, akibishana na dereva wa lori.

"Bupe mwanangu, njoo Madale haraka. Kwa baba yako kunanuka vibaya, na inzi wamejaa huko uani. Nimegonga geti mpaka mkono unaniuma. Simu yake haipatikani tangu juzi."

Mama Zain, jirani aliyepakana ukuta na baba yake, hakuwa mtu wa kukuza mambo. Na baba, Mwalimu Erasmus, mgane wa miaka sabini na nane, aliishi peke yake. Bupe alimwona mara ya mwisho Pasaka, na sasa ni Agosti. Kila Jumapili alikuwa akijiambia ataenda Jumapili ijayo.

Alikodi bajaji. Foleni ya Mwenge ikamkamata, na hapo ndipo alipofanya kosa. Kwao, ukichelewesha habari ya msiba utasemwa mpaka uzeeke, na wa kukusema hawakosekani. Akaandika kwenye kundi la ukoo: "Jamani, baba ametutoka." Bajaji haijasogea hata hatua kumi, mashangazi wa Tukuyu walishaanza kulia kwa maandishi, na mtu wa turubai na viti ameshapigiwa. Kaka yake, Stanley, aliyeko Mwanza, aligombana na mzee kuhusu mwanamke ambaye Stanley alimuoa na hakuwa amekanyaga Madale kwa miaka sita. Yeye aliandika neno moja tu: "Nakuja."

Getini Mama Zain alikuwa ameziba pua kwa mtandio. Ilikuwa harufu ya nyama iliyooza, haina ubishi. Bupe alihangaika na ufunguo wa akiba, ukakataa, ukakataa tena, kisha geti likafunguka.

"Baba!"

Akazunguka nyumba, Mama Zain nyuma yake, akimwomba Mungu asimkute sakafuni.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amewapa mgongo, ameinamia chungu cha maua. Masikio yalishamwacha siku nyingi. Bupe alipomgusa bega ndipo aliposhtuka, kisha uso ukachangamka.

"Bupe! Umejuaje kwamba limechanua?"

Mmea wenyewe ulikuwa mashina manene yasiyo na majani. Juu yake lilikaa ua moja, pana kama sahani, lenye rangi ya nyama na vinyweleo, na inzi wa kijani wametapakaa juu yake. Bupe akakaa chini akalia kwa sauti, na wala hakuona aibu.

Mwalimu hakuelewa, basi akafanya alichokizoea miaka arobaini: akafundisha.

"Tazameni. Linajifanya mzoga. Inzi anakuja akidhani amepata chakula cha wanawe, anataga mayai. Akiondoka amebeba chavua bila kujua, anaipeleka kwenye ua lingine."

"Na funza wakianguliwa?" Mama Zain aliuliza kwa sauti ya juu, akimsogelea sikio.

"Wanakufa njaa."

"Astaghfirullah! Mbona ukatili?"

"Wala halikukaa likapanga, Mama Zain. Maua yaliyonuka kidogo yalikosa wageni, yakafa bila mbegu. Yaliyonuka sana yakaacha watoto. Hivyo hivyo, maelfu ya miaka. Limefungwa kwenye udongo, haliwezi kumfuata mtu. Lisipodanganya, nani atakuja?"

Bupe alijifuta uso, akamweleza yote kwa sauti kubwa sikioni: simu iliyozimika, harufu, kundi, mashangazi, turubai. Hasira ilikuwa imempanda, na hakujua amkasirikie nani. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, na yeye hata hakukumbuka kuitazama.

"Ngoja niwaambie uko hai," Bupe alisema, ameshaanza kuandika.

"Na Stanley?"

"Anakuja. Ameniandikia sasa hivi, ameshakata tiketi, basi linaondoka saa kumi."

Kicheko kikatoweka usoni mwa mzee. Akanyoosha mkono wake mkavu, akaufunika ule wa Bupe, simu ikiwa humo ndani.

"Wengine waambie. Yeye bado," alisema. "Mwache kwanza basi liondoke."

"Baba, anakulilia!"

"Najua."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Simu ikaanza kuita: Stanley. Bupe alimtazama baba yake, ambaye hakuthubutu kumtazama, akaiacha iite mpaka ikakatika.