Fizi za Baba Inho

Kila Jumapili mchana Mallye huchoma nyama ya nguruwe kwenye jiko dogo la mezani, hufunga kipande chenye mafuta ndani ya jani la saladi pamoja na kitunguu saumu, kisha hukitia mdomoni mwa mumewe. Mwenyewe hula baadaye, wima: wali uliopoa na kimchi, kabichi kali iliyochachushwa. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake pale Daegu, Korea, na kwa miaka thelathini na minne hakukosa hata Jumapili moja.

Majibu ya uchunguzi wa afya yalipokuja, damu ya mumewe, Deoksu, ilikuwa safi, fizi tu ndizo zilizovimba. Ya Mallye ilijaa kolesteroli. Fizi zake nazo zilivuja damu, na jino lake la mwisho la kutafunia lilicheza.

Daktari Pyo akamwandikia vidonge. Vinashusha kolesteroli, alisema, na wengine huwatuliza hata uvimbe wa fizi. Mallye akavimeza kwa miezi miwili bila kuruka siku. Fizi za Deoksu zikapona kabisa; za Mallye zikaendelea kuvuja damu.

"Hutokea kwenye ndoa za siku nyingi," daktari alisema, macho kwenye karatasi. "Anachokula yeye kinaingia kwako, unachomeza wewe kinakwenda kwake. Mpe yeye vidonge, utapona."

Jioni ile Mallye akamwambia mumewe.

"Nimeze mimi?" Deoksu akasema. "Naumwa nini? Usinitafutie ugonjwa, Mama Inho."

Roho ilimuuma Mallye, maana alilipenda jino lake. Jumapili akakificha kidonge chini ya kitunguu saumu, akafunga jani, akamlisha. Mgonjwa haulizwi uji, ingawa hapa mgonjwa alikuwa mpishi.

Deoksu alitafuna mara mbili. Meno yake, imara kama yalivyokuwa sasa, yakakigundua. Akakitoa, akakifuta vizuri kwa karatasi laini, akamwekea mkewe kiganjani.

"Dawa yako imeangukia humu, mama. Uwe unaangalia. Nani atanitunza ukianguka wewe?"

Alisema kwa upendo. Mallye akakimeza kwa maji.

Jumatano jino likang'oka kwenye wali laini. Akalisuuza, akaliweka kwenye droo ya vijiko.

Jumapili Deoksu akaachama, fizi zake nyekundu na nzima, akingoja.

"Mbona leo polepole?"

"Nyama haijaiva," Mallye akasema, akachagua kipande chenye mafuta.